Fidla ya nyuzi nane ya baba mkwe: niitie nyuzi za fidla yangu?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, na fidla nimejifunza huko huko kwenye taarab tangu nina miaka kumi na tatu. Sasa naishi Norway, nje kidogo ya Bergen, mwaka wa tano. Baba mkwe amenipa fidla ya marehemu baba yake. Ina nyuzi nane, nne za juu na nne zinapita chini yake, imechorwa maua kwa wino mweusi mwili mzima, na kichwani pana simba kafungua mdomo. Nyuzi mbili za juu zimekatika. Nina seti mpya ya nyuzi za fidla yangu, nikasema nizitie, nityuni G-D-A-E kama fidla ya kawaida nipige nyimbo zetu, lakini mume wangu kanambia nisubiri. Nilipoijaribu kwa nyuzi mbili zilizobaki ilivuma kama mzinga wa nyuki, na kila nikigusa uzi mmoja nagusa na wa pili. Ni mbovu, au mimi ndiye siijui? Na nikijifunza hii, mkono wangu wa taarab hautaharibika? Binti yangu wa miaka minane naye anataka kuanza. Nimwanzishie ipi?"

Marahaba, mwanangu. Mumeo kakuepusha na hasara kubwa, mpikie biriani. Ile seti irudishe kwenye mkoba wako wala usiijaribu hata uzi mmoja. Hayo uliyoyaona kuwa kasoro, yaani ule mvumo wa nyuki na uta kugusa nyuzi mbili kwa pamoja, ndiyo sifa yenyewe ya chombo hicho. Ulichopewa kinaitwa hardingfele, fidla ya Hardanger.

Wengi hudhani hardingfele ni fidla ya kawaida iliyopambwa na kuongezwa nyuzi. Hata mafundi wazuri wa fidla ambao hawajawahi kuishika husema hivyo. Sivyo. Hizi mbili ni kama jahazi na ngalawa: zote zina tanga, lakini ukiipakia ngalawa mzigo wa jahazi utaogelea kurudi.

Hardanger ni eneo la fiordi, yaani mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, upande wa mashariki yenu hapo Bergen. Hardingfele ya zamani kuliko zote zinazojulikana inahesabiwa ni ile ya Ole Jonsen Jaastad wa Ullensvang, yenye mwaka 1651, nayo imehifadhiwa katika makumbusho ya Bergen. Wapo wanaoutilia shaka mwaka huo. Walioieneza hasa ni baba na mwana katika karne ya 18, Isak Nielsen Botnen na Trond Isaksen Botnen wa Kvam. Zile za kale zilikuwa nyembamba, tumbo (ubao wa mbele) limebinuka sana, shingo fupi. Katikati ya karne ya 19 ukoo wa Helland, kutoka Bø huko Telemark, ukalivuta umbo likakaribia la fidla ya kawaida. Kwa hiyo itazame yako kwa ubavu: ikiwa imenona kama kitumbua, huenda ni ya mtindo wa kale. Ikiwa na umbo kama la fidla yako, basi ni ya baada ya mageuzi hayo, na ndivyo zilivyo nyingi zinazorithiwa majumbani.

Na usidhani kila fidla ya kienyeji ya Norway ni hii. Ukienda Gudbrandsdalen, Østerdalen au Trøndelag utakuta wanapiga ngoma zao kwa fidla ya kawaida kabisa, wanaiita flatfele. Hardingfele ni ya magharibi na ya mabonde ya kusini ya kati: Hardanger, Voss, Telemark, Setesdal, Hallingdal, Valdres. Mtu akikwambia "fele" tu, muulize ipi.

Sasa tuje kwenye nyuki wako. Chukua kipande cha karatasi chepesi, ukubwa wa nusu ya ukucha, kikunje katikati kiwe kama paa la kibanda, ukipandishe juu ya uzi mmoja wa chini ulio mzima. Kisha pitisha uta taratibu kwenye uzi wa juu huku ukisogeza kidole kupanda, nusu toni, nusu toni. Karatasi itatulia, itatulia, halafu ghafla itatetemeka na kuruka kama panzi. Hapo umeipata sauti ya uzi ule wa chini. Hukuugusa, lakini umeitika.

Kinachotokea ni hiki. Uzi wa A uliotyuniwa sawasawa hutetemeka mara 440 kwa sekunde. Ukipiga A juu, mbao za fidla hutetemeka mara hizo hizo, daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, linautikisa uzi wa chini, na kama na wenyewe ni wa A utabebwa na mwendo ule, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Uzuri hauishii hapo. Kila sauti ya uzi ina sauti ndogo ndogo ndani yake. D ya wazi, isiyobanwa kidole, hutetemeka mara 293 na kitu, na sauti yake ya ndani ya tatu ni mara tatu ya hapo, karibu 880, ambayo ni A ya juu. Kwa hiyo ukipiga D, uzi wa chini wa A nao huitikia, kwa sauti nyembamba ya kioo. Ndiyo maana hardingfele ikityuniwa vizuri hainyamazi unapoinua uta. Sauti hubaki hewani kitambo. Ikityuniwa vibaya, au nyuzi za chini zikiwa zimelegea kwa miaka, hubaki ule uvumaji wa nyuki uliousikia. Wewe ulisikia waitikiaji ambao kila mmoja ameshika wimbo wake.

Jambo hili si la Norway peke yake. Sarangi ya Wahindi ina nyuzi tele za kuitikia. Na ilimba ya Wagogo pale Dodoma baadhi ya vyuma vyake havipigwi kamwe. Vimepachikwa viitikie tu.

Sababu ya kukataza ile seti yako ni mzigo. Nyuzi nne za fidla ya kawaida zikishatyuniwa huvuta kwa jumla ya kilo ishirini na kitu, na sehemu ya nguvu hiyo hulikandamiza tumbo kupitia miguu ya daraja. Fidla ya kawaida imejengwa kuubeba mzigo huo. Hardingfele ina mbao nyembamba zaidi, na nyuzi zake za juu ni nyepesi, kwa desturi nyingi zikiwa za utumbo wa mnyama, na zile za chini ni waya mwembamba wa chuma. Uzi mwepesi hufika sauti ya juu bila kuvutwa sana. Uzi mzito, ili ufike sauti ile ile, lazima uvutwe kwa nguvu zaidi. Wewe ungeweka nyuzi nzito juu ya mbao nyembamba, halafu ungezikaza hadi pale hardingfele inapotaka kuimba, ambapo mara nyingi ni juu ya fidla ya kawaida kwa nusu toni hadi toni moja na nusu.

Nalisema kwa uchungu maana nimelifanya. Miaka mingi nyuma, kabla sijaelewa, niliitia hardingfele ya mtu nyuzi nilizokuwa nazo mezani. Siku ya kwanza ilipiga kwa sauti kubwa, mwenyewe akafurahi. Wiki ya pili akanipigia: upande wa juu, karibu na mguu wa daraja, tumbo limebonyea kama kopo, na ufa umeanza kutoka tundu la sauti. Niliitengeneza bure, ikachukua miezi miwili, na haikurudi kuwa ile.

Matundu ya sauti yenyewe yatazame. Kwenye fidla yako kingo mbili za tundu ziko sawa. Kwenye hardingfele ukingo mmoja umechongwa ukainuka juu ya mwenzake, kama vigae viwili vilivyopandana. Ukiona hivyo usidhani ubao umejikunja.

Kuhusu uta kugusa nyuzi mbili, hapo mambo ni mepesi. Daraja la fidla yako limepinda kama mgongo wa ng'ombe, ili kila uzi uwe na pembe yake. Daraja la hardingfele ni bapa zaidi, makusudi. Mpigaji wa huko, spelemann, mara chache hupiga uzi mmoja. Uta wake hukaa juu ya mbili karibu muda wote, mmoja ukibeba wimbo na wa pili ukivuma chini yake. Kwa hiyo hukukosea. Ulikuwa unajaribu kumtenganisha mtu na kivuli chake.

Kutyuni ndiko kutakakokuchanganya, na ndiko kutamu. Mpangilio wa kawaida ni A-D-A-E, yaani ule mnene kuliko wote katika nyuzi za juu unapandishwa kutoka G hadi A. Nyuzi za kuitikia zikiwa nne huwa D, E, F# na A. Zikiwa tano huongezwa B. Majina haya ni ya kwenye karatasi tu. Sauti halisi hupanda kama nilivyosema. G-D-A-E yako ipo pia, wanaiita nedstilt, "iliyoshushwa". Kuna A-E-A-C#, ya kuelekea alfajiri, inayohusishwa katika hadithi na majini ya porini, na mipangilio mingine, jumla zaidi ya ishirini. Kila mpangilio una nyimbo zake, na nyuzi za chini nazo hubadilishwa zifuate. Wewe hili halitakutisha. Fidla za Kiarabu hutyuniwa mara nyingi G-D-G-D kwa hoja ile ile: uzi wa wazi uwe msingi wa wimbo na uvume nao.

Je, utapiga taarab juu yake? Nitakwambia ninavyoona mimi. Katika kikundi, hapana. Fidla za taarab huenda pamoja, tatu au nne, sauti moja, mstari mmoja safi, na nyuma yake ala za kanuni na akodiani zilizokwisha kutyuniwa na zisizomsubiri mtu. Hardingfele inataka kukaa juu ya hapo. Ukiishusha ili ikubaliane na akodiani, nyuzi zitalegea na sauti itakufa. Na ule mvumo wake utaufunika mstari wa wenzako kama moshi wa jiko. Utakuwa kero, hata ukipiga vizuri.

Peke yako ni habari nyingine. Taksimu (kubuni papo hapo) ya pole pole juu ya hardingfele, umetulia kwenye D, nyuzi za chini zinakujibu, ni kitu ningependa kukisikia. Jua tu kwamba nyuzi za kuitikia huchagua: sauti yenye mwenzake chini itang'aa, isiyo na mwenzake itatoka kavu. Ukipiga bayati, ile ngazi ya sauti ya Kiarabu, sauti yake ya pili iliyo katikati, si E wala si E iliyoshushwa nusu toni, haitapata wa kuitikia. Ama uikubali kavu, ambavyo kwa sikio langu inapendeza, ama umwombe fundi akuonyeshe kuutyuni uzi mmoja wa chini ukae hapo hapo. Na hapa kuna jambo lililonifurahisha siku nilipolijua: wapigaji wa kale wa Norway nao walikuwa na sauti hizi za katikati, zisizo kwenye piano. Katika nyimbo za zamani utazisikia kwenye hatua ya tatu na ya nne, na wageni hudhani mzee kakosea kidole. Wewe uliyelelewa na bashraf, ule muziki wa ala wa kufungulia taarab, utamwelewa mara moja.

Mkono wako hautaharibika. Ole Bull, mtoto wa Bergen aliyezaliwa 1810, alikuwa katika wapigaji wa fidla mashuhuri kuliko wote wa zama zake, na hardingfele aliipiga. Tena daraja la fidla yake ya kawaida alilifanya karibu bapa ili apige nyuzi zote nne kwa pamoja. Ni yeye aliyempandisha jukwaani Christiania, Oslo ya leo, mwaka 1849, mpigaji wa kijijini kutoka Telemark, Torgeir Augundsson, aliyejulikana kwa jina la Myllarguten, mtoto wa msaga nafaka. Vidole vya kushoto vitaangukia karibu pale pale unapopajua. Mkono wa kulia ndio utakaobadilika: utapunguza uzito wa uta, utajifunza kulala juu ya nyuzi mbili. Ukirudi kwenye fidla yako, dakika kumi za mwanzo utagusa nyuzi za jirani, halafu mkono utakumbuka. Usipige zote mbili ndani ya saa moja katika miezi ya mwanzo.

Kitakachokusumbua kweli ni mwendo. Springar, ngoma yao ya hesabu ya tatu, Telemark na Valdres haina mapigo matatu yaliyo sawa. Moja refu, jingine fupi, na kila bonde lina namna yake. Mpigaji hushika mwendo kwa mguu, anaukanyaga ubao kwa kisigino. Usijifunze hiyo kwa kuandika noti. Kaa karibu na mtu anayeicheza, mtazame magoti.

Binti yako mwanzishie fidla ya kawaida ya nusu, ndiyo saizi ya watoto wengi wa miaka minane. Si kwamba hardingfele ni ngumu kwake. Zile ndogo zipo ila ni chache na bei yake si ya kujaribia, na mtoto hawezi kutyuni nyuzi nane kila jioni. Wewe ndiye utakayetyuni mpaka umchukie Isak Botnen na mwanawe. Kila manispaa ya Norway ina shule ya sanaa ya watoto, kulturskole. Ulizia ya kwenu kama wana mwalimu wa hardingfele. Wakiwa naye, na mtoto akishasikia babu yake anavyoisifia akaitaka hiyo hiyo, basi yafute haya niliyosema na umwachie. Mapenzi ya mtoto ni mwalimu kuliko mimi.

Kabla ya yote hayo fidla iende kwa fundi wa hardingfele, si fundi yeyote wa fidla. Magharibi mwa Norway wapo, na Voss, mji unaojulikana kwa muziki huu, kuna Ole Bull Akademiet, chuo cha muziki wa kienyeji, wao watakuelekeza. Usichelewe ukiona tumbo limebonyea karibu na daraja, ufa unaotoka tundu la sauti, shingo imeanza kuinama mbele, au unga mwembamba kama wa ngano ndani ya kasha, maana huyo ni mdudu wa mbao. Itikise kidogo: ukisikia kijiti kinagonga ndani, kile kinachosimama kati ya tumbo na mgongo kimeanguka, na hapo usikaze uzi wowote. Usiifute kwa spiriti. Maua yale yamechorwa kwa wino chini ya vanishi, na vanishi ikiyeyuka maua huondoka nayo. Ukiona jina la fundi maarufu kwenye karatasi ya ndani, furahi kwa kiasi, karatasi hubandikwa.

Na ukitaka kuja nayo Unguja kwa likizo, mambo mawili. Ule mweupe wa mapambo kwa kawaida ni mfupa na lulumizi, lakini nyingine zina pembe ya ndovu, na hiyo haivuki mpaka bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Mwulize fundi aitambue na akuandikie. La pili ni hewa. Nyumba za huko wakati wa baridi, joto likiwashwa, hukausha mbao hadi viungo hufunguka. Kwetu unyevu hulainisha gundi ya ngozi na kuvimbisha nyuzi za utumbo. Kuitoa Bergen mwezi wa Januari na kuishusha Kisauni siku ya pili ni kuitesa. Mimi ningeiacha.

Fundi akikubadilishia nyuzi, mwombe uangalie. Utaona anabadilisha mmoja mmoja, hazitoi zote, kwa kuwa mkandamizo wa nyuzi ndio unaokishikilia kile kijiti cha ndani kisianguke. Na baba mkwe mwulize leo, kabla hujasahau, baba yake alikuwa akipiga ngoma za bonde gani. Katika karne ya 19 wahubiri wengine walisema fidla hii ni chombo cha Ibilisi na baadhi zikachomwa moto, kwa hiyo iliyobaki ndani ya nyumba ilibaki kwa sababu mtu aliing'ang'ania. Huenda kuna kaseti yake mahali fulani darini. Ikipatikana, mpelekee fundi pamoja na fidla: akisikia nyimbo mbili tatu atajua nyuzi zile nne za chini zilikuwa zikityuniwa vipi.